Ndiyo Isiyo na Mwenyewe

Wanangu mnaotengeneza tovuti na programu za simu, nina neno nanyi. Nimelisema mara nyingi, na baadhi yenu mtasema mzee ameanza tena. Basi niacheni nianze tena.

Kwenye hifadhidata nyingi ninazoletewa nizitazame, ridhaa ya mtumiaji imewekwa kwenye safuwima moja tu, na ndani yake mna moja au sufuri. Moja maana yake kakubali, sufuri, hajakubali. Ukiiuliza safuwima ile kakubali nini, haijui. Kakubali lini, haijui. Alionyeshwa maneno gani kabla ya kubofya, kwa lugha gani, kitufe cha kukataa kilikuwa wapi, nani walitajwa kwamba watazipokea taarifa zake, hayo yote hayamo. Lakini siku mdhibiti akibisha hodi, mwenye tovuti anaifungua safuwima hiyo kwa ujasiri na kusema: tazameni, watu wangu wote wameridhia.

Hawakuridhia. Mlichonacho ni kumbukumbu ya kidole kugusa kioo. Aliyegusa hamumjui, wala hamjui alidhani anakubali nini.

Nawaomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu kosa hili lina mizizi, na wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa mizizi ilipoota. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi kijana wa kampuni ya Netscape, alikuwa na tatizo la kweli. Wavuti ulivyobuniwa hauna kumbukumbu. Kila ukurasa unaouomba, seva inakuona mgeni aliyeingia sasa hivi. Mteja akitia bidhaa kikapuni na kuhamia ukurasa wa pili, kikapu kimepotea. Montulli akabuni kidakuzi: kipande kidogo cha maandishi ambacho seva inakikabidhi kivinjari, na kivinjari kinakirudisha kila kinaporejea kwa seva hiyo. Ni ufundi mzuri, na sina ugomvi nao hata kidogo. Ni kwa huo mtu anaingia kwenye barua pepe yake na kusoma ujumbe wa pili bila kuulizwa nywila upya.

Ugomvi ulikuja pale ukurasa mmoja ulipoanza kubeba picha na matangazo kutoka seva za watu wengine, na kila seva ikawa na nafasi ya kukabidhi kidakuzi chake. Kampuni moja ya matangazo ikiwa imejipenyeza kwenye gazeti unalosoma asubuhi, kwenye duka la viatu unalolitembelea mchana, na kwenye ukurasa wa maradhi unaoufungua usiku mwenzio akiwa amelala, basi kidakuzi kilekile kinarudi kwake mara tatu. Gazeti halijui kuhusu viatu, duka halijui kuhusu maradhi. Kampuni ile ya matangazo inajua yote, na wewe hujawahi hata kulisikia jina lake.

Waliokitengeneza waliliona hilo mapema, na hapa naomba mtege masikio. Februari 1997 Montulli huyohuyo, pamoja na David Kristol wa Bell Labs, walitoa waraka wa kiufundi uitwao RFC 2109, wenye kanuni rasmi za vidakuzi. Mna mambo mawili humo ambayo sikomi kuyarudia. La kwanza, kivinjari kisishughulike na vidakuzi vya seva ambazo mtumiaji hakukusudia kuzitembelea, isipokuwa mtumiaji mwenyewe amebadili mpangilio na kuruhusu. La pili ni dogo, na nikiwauliza naona wengi hamjalisikia: kila kidakuzi kiliwekewa nafasi ya maelezo, mahali ambapo seva ingeandika kidakuzi hiki ni cha kazi gani, ili mtu asome na kuamua aendelee au asiendelee.

La kwanza, watengenezaji wakubwa wa vivinjari wa wakati ule hawakulifuata. Biashara ya matangazo ilikuwa imeshaanza kusimama juu ya vidakuzi hivyo. Kivinjari cha Apple kiitwacho Safari kilikuja kuvizuia vyote bila kusubiri kuombwa Machi 2020, miaka 23 baada ya waraka. Google ilitangaza Januari 2020 kwamba kivinjari chake, Chrome, kingeviondoa ndani ya miaka miwili. Ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikauacha mpango huo. La pili lilikufa bila hata kuombolezwa. Ulipoandikwa waraka mpya, RFC 6265 wa Aprili 2011, kwa kufuata yale yanayotendeka kweli kwenye wavuti, nafasi ya maelezo haikuwemo tena.

Fungueni vivinjari vyenu leo mkitazame kidakuzi chochote. Mtaona jina, thamani, kikoa, njia, tarehe ya kuisha, na alama chache za usalama. Kusudi halipo. Limebaki kichwani mwa aliyekitengeneza, na kwenye mkataba ambao mwajiri wenu alitia saini na watu wa matangazo. Mashine inabeba kila kitu isipokuwa kile ambacho mwanadamu anahitaji kukijua ili aseme ndiyo au hapana. Kwa hiyo kazi ya kuliandika kusudi imewaangukia ninyi, na msipolifanya hilo kwenye muundo wa data yenu, hakuna mahali pengine litakapopatikana.

Na mnapoliandika, msilibandike kwenye kidakuzi kama lebo. Naliona hilo kila mara: jedwali la vidakuzi, na pembeni safuwima ya aina, imejazwa "cha lazima", "cha takwimu", "cha matangazo". Chukueni namba ya utambulisho ya mteja wa duka la mtandaoni. Namba hiyohiyo inamwezesha kubaki ndani ya akaunti yake. Watu wa usalama wanaitumia kumkamata tapeli. Watu wa masoko wanaitumia kujua nani alitazama friji akaondoka bila kununua, wamfuate na tangazo lake kila aendako. Kidakuzi ni kimoja, kazi ni tatu, na ni ile ya tatu inayohitaji ridhaa. Mkikiandika kuwa ni cha lazima, mmeificha kazi ya tatu nyuma ya ile ya kwanza. Ulazima ni sifa ya kazi inayofanywa. Kidakuzi chenyewe hakina ulazima wowote. Kwa hiyo kusudi liwe na jedwali lake, kidakuzi kiwe na lake, na kati yao muweke jedwali la kuunganisha, maana kidakuzi kimoja kina makusudi mengi na kusudi moja lina vidakuzi vingi. Mpokeaji naye awe kitu kinachojitegemea, mwenye jina. "Washirika wetu" si jina la mtu.

Sheria ninazozitaja sasa mnazijua, au mnapaswa kuzijua. Umoja wa Ulaya ulianza na agizo la mwaka 2002 kuhusu faragha katika mawasiliano ya kielektroniki. Likarekebishwa mwaka 2009 likataka ridhaa kabla ya kuweka kitu kwenye kifaa cha mtu, isipokuwa kile kinachohitajika kabisa kwa huduma aliyoiomba mwenyewe. Kisha ikaja kanuni kuu ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, nayo ikaeleza ridhaa ni nini: iwe ya hiari, ya jambo mahsusi, ya mtu aliyeelezwa, na iwe dhahiri kwa tendo lililo wazi. Kenya, katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, imetumia vigezo vilevile karibu neno kwa neno, na kifungu cha 32 kimemtwika anayekusanya data mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Anayejenga tovuti Kariakoo na kuniambia kwamba haya ni mambo ya Wazungu, namsihi asome sheria ya nchi yake.

Huo mzigo wa kuthibitisha ndio wanaousahau. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ya Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mzazi hakutakiwa kuthibitisha kwamba alikataa. Shule ndiyo iliyotakiwa kuonyesha kwamba alikubali.

Na kuhusu kunyamaza kuhesabiwa kuwa ridhaa, jambo hilo Mahakama ya Haki ya Ulaya ilishalimaliza tarehe 1 Oktoba 2019 katika kesi ya kampuni ya Kijerumani iitwayo Planet49. Kampuni hiyo iliendesha bahati nasibu mtandaoni, na kisanduku cha kukubali vidakuzi kilikuwa kimeshatiwa tiki kabla mtu hajafika. Mahakama ikasema tiki ambayo mtu hakuitia si ridhaa yake. Huwezi kujua kama aliisoma, au hata kama aliiona. Ikaongeza kwamba mtumiaji lazima aambiwe kidakuzi kitaishi muda gani na kama watu wengine wanaweza kukifikia. Andikeni hayo mawili, wanangu. Muda na wengine. Ni sehemu za jedwali lenu ambazo mahakama imeshawachorea.

Mtaniambia, kama nilivyoambiwa na mmoja wenu, kwamba hata kwetu pwani kimya cha binti ndiyo ridhaa yake. Nafurahi mmelitaja, maana ni mfano mzuri kuliko mlivyodhani. Binti yule hakunyamaza tu akaozwa. Aliulizwa. Aliulizwa na mtu anayejulikana, kwa jina lake na la baba yake, akatajiwa mume ni fulani bin fulani, akatajiwa mahari ni kiasi gani, na wapo waliosikia swali likiulizwa. Baada ya hapo mashahidi wanaandikwa kwa majina, tarehe inaandikwa, cheti kinatolewa na kumbukumbu inabaki. Miaka thelathini ikipita na ubishi ukazuka, pana mahali pa kwenda kuuliza. Na ridhaa ile ni ya ndoa ile, kwa mume yule. Nduguye bwana harusi hawezi kuja kesho ameshika cheti hichohicho akidai naye kakubaliwa. Wazee wetu, ambao hawakuwahi kuona kompyuta, waliitunza ridhaa kwa ukamilifu ambao safuwima yenu haina. Aliyeridhia, aliyeridhiwa, jambo lenyewe, masharti yake, waliohudhuria, siku. Ninyi mmebakiza kimya tu, mkaondoa swali.

Basi iandikeni ridhaa kama tukio. Kila mtu anapokubali, anapokataa, anapobadili nia, andikeni mstari mpya, na mstari wa zamani msiufute wala kuuandika upya. Hali ya sasa itokane na kusoma mistari kwa mpangilio wa wakati. Tena hali hizo si mbili. Kuna ambaye hajaulizwa. Kuna aliyeulizwa akafunga ukurasa bila kujibu. Kuna aliyekubali, kuna aliyekataa, kuna aliyekubali kisha akaiondoa ridhaa yake, na kuna ambaye ridhaa yake imezeeka na inahitaji kuulizwa upya. Mkiwatia hawa sita kwenye moja na sufuri, mmewapoteza wanne.

Pamoja na tukio, tunzeni kile alichokiona. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo udanganyifu mwingi unapojificha. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Midas Nouwens walichunguza visanduku vya ridhaa kwenye tovuti 680 zilizo miongoni mwa zinazotembelewa sana Uingereza. Zilizotimiza hata masharti ya chini kabisa ya sheria zilikuwa asilimia 11.8 tu. Walifanya pia jaribio: wakakiondoa kitufe cha kukataa kwenye ukurasa wa kwanza, wakakificha hatua moja mbele. Kiwango cha waliokubali kikapanda kwa pointi za asilimia 22 hadi 23. Fikirieni maana yake. Watu hawakubadili mawazo yao kuhusu faragha. Kilichohama ni kitufe. Kwa hiyo kati ya hizo "ndiyo" mlizonazo, sehemu kubwa inaweza kuwa ya mchora ukurasa wenu, na mnaiandika kwa jina la mteja.

Ufaransa, mamlaka yao ya data iitwayo CNIL iliadhibu jambo hilohilo. Kwa uamuzi wa mwisho wa mwaka 2021, uliotangazwa Januari 2022, Google ilitozwa euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60. Kukubali kulihitaji kubofya mara moja. Kukataa kulihitaji kubofya mara kadhaa. Upande wa Facebook, kitufe ambacho mtu angekibofya ili akamilishe kukataa kiliandikwa kwamba anakubali vidakuzi. Hiyo ni kampuni yenye wachora kurasa hodari kuliko wengi duniani. Siwezi kuamini kwamba hakuna aliyeliona.

Ndiyo maana nasema toleo la kisanduku lihifadhiwe: maneno yote yaliyoandikwa, lugha, mpangilio wa vitufe, hata picha ya ukurasa ulivyokuwa siku hiyo. Litieni namba, na kila tukio la ridhaa lielekeze kwenye namba ya toleo. Siku mkibadili sentensi moja ya kusudi, toleo ni jipya, na waliokubali toleo la zamani hawajakubali jipya. Na lugha si jambo la pembeni kwetu. Tovuti inauza kwa Kiswahili, inatangaza kwa Kiswahili, inapokea pesa za mama wa Tandale kwa Kiswahili safi. Ikifika kwenye ridhaa inazungumza Kiingereza cha mwanasheria. Huyo mama hajaelezwa. Mtu ambaye hajaelezwa hawezi kuridhia, hata akibofya kitufe cha kijani kwa furaha.

Watu wa matangazo wa Ulaya walijaribu kuliweka hili katika muundo mmoja, na tujifunze kwao mema na mabaya. Shirika lao, IAB Europe, lilitoa mwaka 2018 mfumo ambao majibu yako yote yanafinyangwa kuwa mlolongo mmoja wa herufi, unaosafiri na kila ombi la tangazo. Ndani yake mna tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kubadilishwa, namba ya programu iliyokuuliza, lugha, toleo la orodha ya wapokeaji, na kisha alama ya ndiyo au hapana kwa kila kusudi na kila kampuni. Ni bora mara kumi kuliko safuwima yenu moja. Lakini orodha ile ina kampuni mamia kwa mamia. Mtu aliyekaa kwenye daladala anataka kusoma matokeo ya mpira, anaulizwa kuhusu kampuni mamia. Muundo uliokamilika kwa hesabu umeshindwa kwa ubinadamu, kwa sababu hakuna kichwa kinachoweza kuridhia mamia ya wageni kwa sekunde tatu. Mamlaka ya Ubelgiji ililitoza shirika hilo euro 250,000 Februari 2022, na Machi 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema mlolongo ule wenyewe ni data binafsi pale unapoweza kuunganishwa na mtu, kwa mfano kupitia anwani ya kifaa chake kwenye mtandao. Lishikeni hilo: kumbukumbu ya ridhaa nayo ni taarifa ya mtu, inahitaji kulindwa kama nyingine. Msije mkajenga bohari la kuwafuatilia watu kwa kisingizio cha kutunza faragha yao.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havilitilii mkazo, nanyi mnalijua kwa macho yenu. Kidakuzi kinakitambua kivinjari. Mtu hakimjui. Kwenye nyumba ngapi simu ni moja: baba anaitumia asubuhi kuangalia bei za mazao, binti anaichukua jioni kwa masomo, mdogo wake anaichezea usiku? Kwenye vibanda vya intaneti kompyuta moja inapita mikononi mwa wanafunzi, wafanyabiashara na waombaji wa ajira kwa siku moja. Aliyekubali saa tatu asubuhi kaondoka. Mkiandika kwamba mtumiaji namba fulani karidhia, mmeandika uongo bila kukusudia. Mnachokijua ni kwamba kivinjari fulani kilipokea jibu. Liandikeni hivyohivyo. Kiunganisheni na mtu pale tu alipoingia kwenye akaunti yake mwenyewe, na hata hapo, ridhaa aliyoitoa kabla ya kuingia msiibebe kuipeleka ndani ya akaunti bila kumuuliza. Na ikiwa huduma yenu inafikiwa na watoto, kumbukeni kwamba sheria ya Kenya inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Tukio la namna hiyo lina watu wawili ndani yake, anayehusika na anayemsemea, na jedwali lenu lazima liwe na nafasi ya wote wawili.

Sasa kukataa. Linaniuma kwa sababu linafanywa kwa makusudi. Mtu akikubali, mnamkumbuka mwaka mzima. Akikataa, kesho mnamuuliza tena, na kesho kutwa, mpaka achoke akubali. Mkiulizwa mnasema hatuwezi kukumbuka kukataa kwake kwa sababu amekataa vidakuzi. Jibu hilo si la kweli na mnajua. Kidakuzi cha kukumbuka kwamba mtu amekataa hakihitaji kumtambua. Kiwe na neno moja tu, hapana, na neno hilo liwe sawasawa kwa wote waliokataa; hata mtu akikiiba hapati chochote. CNIL wamekitoa kidakuzi cha aina hiyo katika sharti la ridhaa, na wanashauri jibu la mtu, likiwa ndiyo au hapana, liheshimiwe kwa miezi 6 kabla ya kumuuliza tena. Ridhaa iliyopatikana kwa kuchoshana haina hiari ndani yake. Mnaowafanyia hivyo ni watu wazima wenye shughuli zao, waliokwisha kuwajibu.

Na kuiondoa ridhaa. Kanuni ya Ulaya inasema iwe rahisi kuiondoa kama ilivyokuwa rahisi kuitoa, na Kenya inampa mtu haki ya kuiondoa wakati wowote. Kisheria ni sentensi fupi. Kiufundi ndipo muundo wenu unapojaribiwa. Seva ikitaka kukifuta kidakuzi kimoja haina amri ya kukifuta hicho peke yake. Inakituma upya kikiwa na tarehe ya kuisha iliyokwisha kupita. Jina, kikoa na njia lazima vilingane na vya mwanzo. Kimoja kikitofautiana, kivinjari kinahesabu kwamba ni kidakuzi kingine, na kile cha zamani kinabaki palepale kikifanya kazi. Msipokuwa mmeandika kikoa na njia ya kila kidakuzi kwenye jedwali lenu la vidakuzi, mtabofyewa kitufe cha kuondoa ridhaa, mtaonyesha ujumbe mzuri wa shukrani, na hakuna kitakachokuwa kimefutika. Vile vya kampuni nyingine seva yenu haiwezi kuvigusa kabisa. Mnachoweza ni kuacha kupakia msimbo wao tangu sekunde ile, na kuwapelekea taarifa kwamba mtu huyu ameondoa ridhaa yake. Ndiyo maana nilisema mpokeaji awe na jina: hamwezi kumpelekea taarifa "mshirika".

Hamuanzi porini katika haya. Ndani ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, kuna kundi ambalo tangu 2018 linatunga msamiati wa faragha unaosomeka na mashine, ambamo kusudi, mpokeaji, hali ya ridhaa na muda wake vimeshapewa maana. Kuna waraka wa ISO/IEC namba 27560 wa mwaka 2023 unaoeleza kumbukumbu ya ridhaa iwe na nini, na namna ya kumpa mtu mwenyewe nakala yake. Hiyo nakala naipenda. Mtu akipewa risiti ya alichokubali, kwa maneno anayoyaelewa, naye ana kitu mkononi siku ya ubishi, si ninyi peke yenu. Someni nyaraka hizo, mchukue kinachowafaa, muongeze yale ya simu ya familia na ya lugha, na muwarudishie waliozitunga hayo mliyoyaongeza.

Imebaki ile safuwima ya zamani, yenye moja na sufuri za miaka yote hii. Najua mtashawishika kuihamishia kwenye muundo mpya kwa usiku mmoja: kila moja iwe tukio la kukubali, mbuni tarehe, mchague toleo lililo karibu. Nawaomba sana msifanye hivyo. Tarehe ya kubuni ni ushahidi wa kughushi. Kila moja iliyomo humo iandikeni kwamba haijulikani ilivyopatikana, simamisheni kazi zote zilizoitegemea, na siku mtu huyo atakapofungua tena ukurasa wenu, muulizeni upya, kwa Kiswahili, vitufe viwili vikiwa sawa kwa ukubwa na rangi. Wenye sufuri waacheni walipo. Mwajiri atawaambia idadi itashuka, na kweli itashuka. Mpelekeeni na hesabu ya wale ambao mmeweza kuonyesha walikubali nini, lini, na kwa maneno yapi, akae nayo mezani.